Ndiyo ya Luseane Taufa

Foa, Ha'apai
Ijumaa, 24 Oktoba 1986

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Mitihani,
Nuku'alofa.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu zinazostahili vyeo vyenu, mimi Penisimani Fonokalafi, karani wa Shule ya Upili ya Halamoana kwa miaka kumi na tisa, nawaletea maombi yanayomhusu Luseane Taufa, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, ambaye mmemzuia kufanya mtihani wa Kiingereza wa Jumanne, tarehe 4 Novemba. Mmemzuia kwa sababu kumbukumbu ya mahojiano inaeleza kwamba alikiri kufungua bahasha ya mtihani wa majaribio. Kumbukumbu hiyo niliiandika mimi.

Sikusomea ualimu. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe nilipokuwa karani wa ghala la mbata, kwa kusoma hati za shehena na kamusi isiyo na jalada. Tangu huko nimekuwa na desturi ya kuandika daftari la kila siku, hali ya hewa kwanza, kazi baadaye. Nimenakili hapa chini kurasa za muhula huu zinazohusika, bila kuondoa neno, hata pale neno linaponiumbua. Barua niliyowaandikia kwanza ilikuwa nzuri kuliko hii. Nimeichana kwa sababu uzuri wake ulikuwa unanificha.

*

Jumatatu, 7 Julai. Upepo wa kusini-mashariki, baridi. Muhula umefunguliwa. Mwalimu Mkuu, Bwana Havea, ameniomba niendelee na darasa la ufahamu wa Kiingereza kwa mwaka wa mwisho, kila Jumatatu na Jumatano alasiri, kama nilivyofanya kwa miaka kumi na moja. Wanafunzi ni kumi na wanne. Nimekubali kwa maneno machache, lakini nilipofika nyumbani nilinyoosha suruali mara mbili.

Jumatano, 9 Julai. Upepo uleule. Kifungu cha kwanza kilihusu mlinzi wa lango katika njia ya treni. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona treni. Pisila Mahe, ambaye ulimi wake hauna nanga, aliuliza kwa nini abiria waliochelewa hawakutafuta mashua. Nilimjibu kwamba katika ufahamu hatujibu kwa akili zetu bali kwa maneno ya kifungu.

"Basi akili tuziache mlangoni, Mwalimu, pamoja na ndala?"

Darasa lilicheka. Swali la saba lilikuwa hili: Je, mlinzi hakulifunga lango? Kifungu kinasema hakulifunga. Nikawafundisha Kanuni yangu ya Tano, ambayo ni ya kubuni kwangu mwenyewe: ukikubaliana na swali, anza na Ndiyo, kisha urudie maneno ya muulizaji. Ndiyo, hakulifunga. Niliongeza kwamba kuanza na Hapana mbele ya mkubwa ni kumrudishia neno usoni, na mtahini ni mkubwa. Luseane Taufa ndiye aliyeikariri kwanza bila kosa. Huyu analelewa na bibi yake, 'Eseta, msusi wa mikeka, na anataka kwenda kusomea uuguzi. Umri wake hautamruhusu kurudia mwaka ujao. Husoma kama mtu anayetafuta pini iliyoanguka.

Jumatatu, 14 Julai. Manyunyu. Nyangumi wa kwanza ameonekana nje ya mwamba. Unyevu umezifunga bahasha tupu zote za ofisini, na zilizofungwa zimeachia gundi.

Alhamisi, 24 Julai. Kumetulia. Mwalimu mpya wa Kiingereza amewasili kwa ndege kutoka Nyuzilandi. Anaitwa Bwana Denholm. Ni kijana mrefu, mpole, na pua yake tayari imebabuka kwa jua. Amepewa pia dhamana ya mitihani yote. Niliamini angefuta darasa langu. Badala yake alinishukuru kwa kuwashikia wanafunzi, akaniuliza kama angeweza kuona majibu yangu ya mfano. Nimeyapiga chapa upya, kurasa ishirini na mbili.

Ijumaa, 8 Agosti. Jua, upepo kidogo.

Leo nililetewa majibu yangu ya mfano. Nilikuwa nimevaa mkeka wa kiunoni kama mtu anayekwenda kanisani, kwa kuwa nilitarajia sifa, na sifa hupokelewa kwa heshima. Bwana Denholm alinipa kiti. Akasema, "Bwana Fonokalafi, kazi yako ni safi sana. Kuna jambo moja dogo tu."

Jambo dogo lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu mara thelathini na moja. Kila Ndiyo ya Kanuni ya Tano.

Alinieleza kwa subira. Kwetu, mtu akiulizwa, "Hujala?", naye kweli hajala, husema Ndiyo. Maana yake, ni kama usemavyo. Kiingereza si hivyo. Ndiyo ya Kiingereza haimfuati muulizaji bali hulifuata tendo. Ikiwa tendo halikutendeka, jibu ni Hapana, hata swali likiwa limekanusha tayari. Mlinzi hakulifunga lango? Hapana, hakulifunga. Anayejibu Ndiyo amesema kwamba alilifunga.

Nilimwambia kwamba nililijua hilo na kwamba ni makosa ya chapa. Makosa ya chapa thelathini na moja. Alinitazama kidogo, kisha akasema bila shaka ni hivyo.

Nimehesabu. Katika miaka kumi na moja nimewafundisha wanafunzi mia moja na hamsini na sita. Nyumbani nilimweleza mke wangu Taiana, naye aliacha kumenya kiazi kikuu akanitazama.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo watoto wa watu walikuwa wanakana kwa kukubali?"

Nikamwambia nitawasahihisha Jumatatu.

"Jumatatu ipi, Bwana Karani?"

Jumatatu, 11 Agosti. Mvua kubwa. Wanafunzi walifika tisa tu. Haikufaa kusahihisha kanuni mbele ya tisa.

Jumatano, 13 Agosti. Walifika wote. Bwana Denholm alikuwa ameketi nyuma ya darasa kusikiliza. Haikufaa mbele yake.

Jumatatu, 18 Agosti. Upepo. Sikusahihisha.

Jumatano, 20 Agosti. Tulipanda viazi vikuu vya shamba la shule. Hakukuwa na darasa. Nilifurahi, kisha nikaona haya kwa kufurahi.

Jumatatu, 25 Agosti. Niliandika ubaoni "Kanuni ya Tano" nikiwa nimekusudia kuifuta mbele yao. Pisila akasema, "Hiyo tunaijua, Mwalimu, hata usingizini. Ndiyo, hatujaisahau." Wakacheka wote kwa upendo. Nikaendelea na Kanuni ya Sita.

Jumatano, 27 Agosti. Jua kali, bahari kama sahani.

Luseane alibaki darasani wengine walipoondoka. Alisimama karibu na mlango, daftari kifuani, akaniambia kwamba kuna jambo haliko sawa. Katika somo la asubuhi Bwana Denholm alimuuliza, "Hukuelewa?", naye akajibu Ndiyo, maana hakuwa ameelewa. Bwana Denholm akafurahi na kuendelea mbele.

"Mwalimu, hivi Ndiyo ya Kiingereza ni sawa na yetu?"

Niandike nilichojibu kama nilivyojibu. Nilisema, "Luseane, kanuni ni kanuni. Bwana Denholm bado hajawazoea."

Aliinua nyusi, yaani amekubali, akaenda zake. Sijawahi kumwambia mwanafunzi uongo kwa sentensi fupi namna ile. Mara nyingi uongo wangu ulikuwa wa kutojua. Huu ulikuwa na elimu ndani yake.

Jumatatu, 1 Septemba. Bibi 'Eseta ametia mafungu ya majani ya mkadi baharini, akayagandamiza kwa mawe ili yapate weupe kabla ya kuyasuka. Sikusahihisha.

Jumatatu, 8 Septemba. Mvua ya kukatakata. Mashua ya barua ilifika imelowa hadi ndani. Nimepokea bahasha ya mtihani wa majaribio, unaochukua robo ya alama zote za mwisho. Nimeandika katika rejesta: Imepokelewa ikiwa katika hali njema. Nimeiweka katika kabati la ofisi.

Jumanne, 16 Septemba. Mawingu. Bwana Havea yuko Nuku'alofa kwa mkutano wa kanisa. Alasiri Bwana Denholm alilifungua kabati ili ahesabu karatasi za majaribio, akaikuta bahasha iko wazi. Ufunguo wa kabati hutundikwa msumarini, kwa kuwa mnakaa humo chaki na mafagio pia. Aliuliza ni nani aliyefagia leo. Ni zamu ya Luseane. Akaisoma rejesta yangu, "katika hali njema," akatikisa kichwa kwa huzuni.

Ninaandika haya nikiwa nimeketi kizingitini. Maneno yale ya rejesta nimeyaandika kwa kila kifurushi tangu mwaka 1967. Sikuitazama bahasha ile. Nilitazama uzuri wa sentensi. Siku ile kila kitu kilichotoka katika mfuko wa barua kilikuwa kimelegea, na gundi ilikuwa inanata vidoleni mwangu. Niliifuta kwa leso nikaandika hali njema.

Jumatano, 17 Septemba. Upepo umegeuka, unatoka kaskazini.

Mahojiano yalifanyika saa nne asubuhi ofisini. Sheria ya shule ni kwamba ofisini hunenwa Kiingereza pekee. Tulikuwa watatu: Bwana Denholm mezani, Luseane amesimama, mimi pembeni na kalamu ya kumbukumbu. Nilikuwa nimekusudia kulisema lile la rejesta kabla ya kuanza. Bwana Denholm aliingia akasema, "Vizuri uko hapa, wewe unawajua hawa," nami nikaona vyema ningoje nafasi.

Alitaka kumrahisishia mtoto. Hilo nalishuhudia. Alishusha sauti, akamwonyesha bahasha, na badala ya kuuliza kama askari, aliuliza kama mtu anayetumaini.

"Luseane, wewe hukuifungua bahasha hii?"

Luseane aliinua nyusi. Kisha akakumbuka kwamba ofisini husemwa kwa sauti, akajibu wazi, kichwa juu, kwa matamshi niliyomfundisha.

"Ndiyo, Bwana."

Niliona uso wa Bwana Denholm ukisawijika. Akauliza tena, "Huna la kuongeza?"

"Ndiyo, Bwana."

Bwana Denholm akangoja aongeze. Luseane naye akangoja aruhusiwe kwenda. Walingojana hivyo kwa muda ambao mtu angeweza kufunga kamba za viatu vyote viwili, na katika muda huo chumba kizima kilikuwa na mtu mmoja tu aliyeelewa lugha zote mbili, naye alikuwa ameshika kalamu.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Lakini neno lile lingevuta nyuma yake yote: kwamba kanuni ni yangu, kwamba haikuwa makosa ya chapa, kwamba niliambiwa mwezi mzima uliopita, kwamba mtoto huyuhuyu aliniuliza. Nilitazama karatasi.

Bwana Denholm akasema, "Ahsante kwa kusema ukweli." Luseane akatabasamu, akamshukuru, akatoka. Nilimsikia nje akimwambia Pisila kwamba yamekwisha, kwamba Bwana Denholm ni mtu mwema, na kwamba Mwalimu alikuwepo.

Kisha nikaandika kumbukumbu. Kumbukumbu rasmi haiandikwi kwa kauli halisi. Huandikwa kwa kauli taarifa, na kugeuza kauli ni jambo ninalojivunia kuliko yote. Niliandika: Mwanafunzi aliulizwa iwapo aliifungua bahasha, akajibu ndiyo. Alipotakiwa kuongeza, hakuongeza neno. Kumbukumbu haina kosa la sarufi hata moja. Neno la kukanusha lililokuwa katika swali limedondoka njiani, kati ya kauli na kauli, na sitasema sikuliona likidondoka.

Bwana Denholm aliisoma, akatia sahihi, na ikaondoka na ndege ya saa tisa.

Ijumaa, 19 Septemba. Jua. Bibi 'Eseta amemtuma Luseane na zawadi: mkeka wa kiunoni mpya, mwembamba, laini, wa mkadi uleule wa baharini. Salamu zake ni kwamba nilisimama na mjukuu wake siku ya taabu. Niliupokea kwa mikono miwili kama inavyopasa. Taiana aliugusa, akasema kazi ya namna hii hupewa wachungaji, akaniuliza nimefanya nini hasa. Nikasema nilikuwepo.

Jumapili, 21 Septemba. Sikuuvaa kanisani. Nilisema unabana.

Jumatatu, 22 Septemba. Mtihani wa majaribio umefanyika kwa karatasi za akiba. Luseane aliufanya pamoja na wengine. Swali la nne lilikuwa na ukanusho. Nilipita nyuma yake nikaona amejibu Ndiyo.

Jumatano, 24 Septemba. Bwana Havea amerejea. Sikusema.

Jumatano, 1 Oktoba. Joto linaanza. Sikusema.

Jumatatu, 6 Oktoba. Nyangumi wanaondoka. Watoto walisimama ufukweni kuwahesabu. Sikusema.

Ijumaa, 10 Oktoba. Joto, hakuna upepo.

Barua ya Kamati imefika. Luseane Taufa amezuiwa kufanya mtihani wa mwisho wa Kiingereza, na bila Kiingereza hakuna cheti, na bila cheti hakuna uuguzi.

Bwana Havea aliisoma mara mbili. Yeye na marehemu baba yake Luseane walilima pamoja. Nilimwuliza, nikijifanya naulizia utaratibu tu, kama haiwezekani kwamba mtoto hakueleweka. Alivua miwani.

"Penisimani, kama ingeandikwa na mtu mwingine ningeuliza. Lakini ni mwandiko wako. Mwandiko wako nauamini kuliko macho yangu."

Kisha akamwita mtoto akamsomea. Mimi nilikuwa chumba cha pili, kwenye mashine ya kurudufu, nikigeuza mpini bila karatasi. Nilimsikia Luseane akisema, kwa lugha yetu, polepole, kama anayemfafanulia mtoto mdogo: "Lakini mimi nilimjibu Bwana Denholm. Aliniuliza, nikamjibu. Akanishukuru." Bwana Havea akasema, "Ndiyo, mwanangu. Ulimjibu."

Jumatatu, 13 Oktoba. Joto. Kiti cha Luseane kilikuwa kitupu. Nilipoita majina na kufika lake, Pisila akasema bila kuinua kichwa, "Endelea tu, Mwalimu. Huyo barua imekwisha kumfuta." Nikaendelea.

Jumanne, 14 Oktoba. Taiana ameutandika ule mkeka juu ya kiti changu, ili kila nitakapo kuketi niuondoe kwa mikono yangu. Nimekula nimesimama.

Jumatano, 15 Oktoba. Mvua ya ghafla, kisha jua.

Nimesahihisha Kanuni ya Tano.

Niliandika ubaoni lile swali la mlinzi wa lango. Nikaandika jibu langu la miaka kumi na moja, nikalikata kwa mstari mmoja. Nikawaambia kwamba Ndiyo ya Kiingereza hulifuata tendo, si muulizaji. Kwamba niliwafundisha visivyo. Kwamba nilionyeshwa kosa langu tarehe nane Agosti na nikanyamaza. Nilisema yote hayo kwa sentensi kamili. Nilitegemea minong'ono. Mtu hakusogeza hata mguu.

Pisila ndiye aliyefika kwanza. Niliona akili yake ikitembea, kutoka kwenye lango la treni hadi mlango wa ofisi. Hakufanya mzaha wowote. Alisema tu, "Basi Luseane alisema hapana."

Nikasema, "Hapana..." kisha nikanyamaza, kwa kuwa sikujua tena neno hilo linaanza upande gani. Nikaanza upya. "Luseane alisema kwamba hakuifungua."

"Na Mwalimu ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Walikusanya madaftari yao wakatoka mmoja mmoja. Hakuna aliyenikosea adabu. Kila mmoja aliinamisha kichwa alipopita mbele yangu, kama tunavyopita mbele ya wakubwa, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulistahimili.

Jumamosi, 18 Oktoba. Asubuhi ya mawingu mazito.

Nilitoa sandukuni mkeka wa marehemu baba, ule mbovu uliochanika, nikaufunga kiunoni kwa kamba ya katani, nikaenda kwa Bibi 'Eseta kuomba msamaha kama wanavyofanya watu waliokosa. Niliketi chini mbele ya mlango wake, kichwa kimeinama. Si ruhusa kuingia mpaka uitwe, wala kuinua macho. Ndani nilisikia majani ya mkadi yakipasuliwa. Aliona kivuli changu na hakuniita.

Niliketi mpaka mvua ikapita mara mbili. Majirani walipunguza mwendo, kisha wakaongeza. Hatimaye sauti yake ikatoka, mikono yake haikukoma.

"Penisimani, huo mkeka umeutoa wapi?"

"Ni wa marehemu baba, Bibi."

"Unanuka panya. Ule niliokusukia mimi uko wapi?"

"Uko nyumbani. Sikuuvaa."

"Hukustahili?"

"Ndiyo, Bibi. Sikustahili."

Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Hiyo Ndiyo nimeielewa. Ni ya kwetu."

Nikamweleza yote, tangu wino mwekundu hadi kauli taarifa. Hilo la kauli lilimsumbua. Ilibidi nimweleze mara tatu kwamba nilichukua maneno ya watu wawili nikayasuka upya hadi uzi mmoja ukatoka. Alipolifahamu aliweka chini jani alilokuwa anapasua. Msusi anajua uzi mmoja ni nini.

Luseane alikuwa ndani wakati wote. Alitoka na kikombe cha maji, akakiweka mbele yangu kwa heshima, akachutama. Nilidhani atalia au atanilaani, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo.

Alisema, "Mwalimu, nilikuuliza."

Hakuongeza neno. Safari hii nami sikuwa na pa kuandika.

Bibi yake akamwita ndani. Kisha akaniambia mimi, "Msamaha wangu unao, mwanangu, maana mvua imekulowesha na mimi ni mzee, sitaki maiti mlangoni. Lakini huo ni wa kwangu. Hautampeleka mtoto kwenye mtihani. Mkeka haujui kuandika. Wewe unajua. Inuka ukaandike, na safari hii uache sentensi ziwe mbaya."

Jumatatu, 20 Oktoba. Upepo wa mashariki. Nimemweleza Bwana Denholm, na Bwana Havea akiwa amesimama hapo hapo. Bwana Denholm alisema kwamba alimngoja mtoto aongeze neno, akadhani ananyamaza kwa aibu. Na kwamba yeye mwenyewe alijua jambo la Ndiyo tangu Agosti, hivyo naye alipaswa kuuliza swali lingine. Nilimjibu kwamba aliuliza kwa wema. Akasema wema haukumsaidia mtu. Atatia sahihi chini ya barua hii kwamba maneno ya swali lake ni hayo niliyoyanakili. Bwana Havea aliichukua rejesta, akaifungua kwenye ukurasa wa tarehe nane Septemba, akaiweka mbele yangu pamoja na kalamu. Chini ya "hali njema" nimeandika: Ilikuwa imelowa na kuachia. Karani hakuitazama.

Ijumaa, 24 Oktoba. Kumetulia. Ndege inaondoka saa tisa.

*

Waheshimiwa, hayo ndiyo yaliyomo katika daftari langu. Mtihani ni baada ya siku kumi na moja. Luseane Taufa hakuifungua bahasha. Alisema hivyo alipoulizwa, kwa Kiingereza nilichompa mimi, na mimi niliyekuwa na wajibu wa kuyalinda maneno yake niliyageuza. Adhabu yoyote mtakayoiona inamfaa karani naipokea, nami nimekwisha kumkabidhi Bwana Havea ufunguo wa kabati na kalamu ya kumbukumbu. Sina hoja nyingine ya kuwaongezea.

Naomba uamuzi wenu juu ya swali moja, kwa maandishi, kabla ya Jumatatu tarehe 3 Novemba: Je, Luseane Taufa aruhusiwe kufanya mtihani wa Kiingereza?

Nimeliuliza bila neno la kukanusha, ili Ndiyo yenu iwe na maana moja katika lugha zote mbili.

Mtumishi wenu,
Penisimani Fonokalafi